Namanga: Jirani akitoka chamani, mzigo hupita wapi?

KITUNGUU ulichokatia mchuzi wa leo, msomaji, yamkini kilivuka mpaka kabla ya kufika jikoni mwako. Tembea katika soko la Wakulima jijini Nairobi, lile ambalo wengi wetu hulijua kwa jina la Marikiti, uulize vitunguu vile vyekundu vimetoka wapi. Mara nyingi utaambiwa ni vya Tanzania, na wauzaji wazoefu watakutajia hata Mang'ola, eneo la kilimo lililo karibu na Ziwa Eyasi.

Aghalabu mzigo huo hupitia Namanga. Familia nyingi za mjini huupita mji huu mbio zikielekea Arusha au mbuga ya Amboseli, zikasimama tu kununua soda na kupiga picha ya mlima. Leo tushuke garini tukae kidogo. Hapa ndipo mahali pazuri pa kujifunza jambo ambalo vitabu vya shule hulieleza kwa maneno mazito: nchi jirani ikijitoa katika chama cha kiuchumi mlichokuwa mkishirikiana, ni nani hasa anayelipa?

Kenya na Tanzania zimewahi kuachana hivyo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa kabisa. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2000, Tanzania ilipojitoa katika COMESA, yaani Soko la Pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Safari hiyo hakuna lango lililofungwa. Hata hivyo, dereva wa lori angali anaiona tofauti hadi leo.

Njiani kuelekea kusini

Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita 160 hivi. Utapita Mlolongo na viwanda vya saruji vya Athi River, kisha utaiacha barabara ya Mombasa na kukata kulia kuingia Kitengela. Wazee wanaikumbuka Kitengela ilipokuwa malisho matupu. Siku hizi ni maduka, nyumba za kupanga na mabango ya kuuza ploti.

Ukishapita Isinya majengo hupungua. Kajiado utaikuta reli iendayo Magadi, na Bissil utaukuta mji unaojulikana kwa soko lake la mifugo. Kuanzia hapo nchi hufunguka: migunga, vichuguu, ng'ombe na vijana wanaowachunga. Mbingu zikiwa safi, hasa asubuhi na mapema, tazama upande wa kushoto na huenda ukabahatika kuuona Mlima Kilimanjaro.

Barabara yenyewe ni nzuri. Ilijengwa upya kutoka Athi River hadi Arusha kwa mikopo ambayo sehemu yake ilitoka kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia: barabara moja ya nchi mbili haijengwi na majirani wasiosemezana.

Namanga yenyewe imekaa chini ya mlima ambao Wamaasai huuita Ol Doinyo Orok, maana yake mlima mweusi. Gari likisimama tu utazungukwa na akina mama wa Kimaasai wenye shanga, bangili na vibuyu, na bei ya kwanza utakayotajiwa si ile utakayolipa. Wabadilishaji fedha nao watakuonyesha mafungu ya shilingi za Kenya na za Tanzania. Upande huu kijana wa mizigo atakusalimu kwa "niaje"; hatua mia chache mbele, mwenzake wa rika lilo hilo atamwamkia baba yako "shikamoo". Lugha ni moja, malezi mawili.

Mstari unaozigawa nchi hizi ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na uliwakata Wamaasai katikati. Kuna boma ambalo mjomba yuko Kenya na mpwa yuko Tanzania. Kwao, kupeleka ng'ombe upande wa pili si biashara ya kimataifa. Ni kwenda kwa jamaa.

Siku lango lilipofungwa

Sasa turudi nyuma kidogo. Mkataba ulioanzisha Jumuiya ya kwanza ulitiwa saini Kampala mnamo Juni 1967, na makao makuu yakawekwa Arusha. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la ndege, shirika moja la reli, bandari za pamoja, posta ya pamoja na simu za pamoja. Mwanafunzi wa leo akielezwa hayo hudhani ni ndoto ya siku za usoni, kumbe babu yake aliyaishi.

Mbona basi ikavunjika? Sababu zilikuwa kadha wa kadha. Tanzania ilikuwa imeshika njia ya ujamaa, ilhali Kenya ilikuwa imeshika njia ya ubepari. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mnamo Januari 1971, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na wakuu wa Jumuiya wakawa hawakutani. Juu ya hayo palikuwa na lalamiko la mfukoni: viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Kenya iliwauzia wenzake zaidi ya ilivyonunua kwao. Jirani anayenunua kila siku bila kuuza huanza kujiuliza anafaidika na nini.

Mnamo Februari 1977, shirika la pamoja la ndege likiwa limekwama, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huo Jumuiya ilikuwa imekufa. Lango la Namanga, na mengine yote kutoka Taveta hadi Lunga Lunga, yalibaki yamefungwa kwa zaidi ya miaka sita, hadi Novemba 1983.

Kenya ilipoteza soko la karibu la bidhaa za viwanda vyake. Malori yaliyokuwa yakipeleka mizigo Zambia kupitia Tanzania yakakosa njia. Upande wa pili nao uliumia. Mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, Watanzania wengi walipanga foleni kutafuta sabuni, sukari na mafuta ya kupikia, ilhali vitu hivyo vilikuwa madukani umbali wa mwendo wa mguu.

Mahitaji hayo hayakusubiri lango lifunguliwe. Mizigo ilipita njia za panya usiku, mgongoni mwa punda na mabegani mwa watu. Biashara haikufa, iligeuka kuwa magendo. Anayenunua magendo hulipia bidhaa, hulipia hatari ya mbebaji, na hulipia jicho lililofumbwa. Serikali zote mbili hazikupata ushuru hata senti.

Utalii pia ulibadilika, na hapa somo ni kali zaidi. Kabla ya 1977 wageni wengi walitua Nairobi, wakapandishwa magari ya Nairobi, wakapelekwa Ngorongoro na Serengeti, kisha wakarudishwa Nairobi. Tanzania iliona wanyama ni wake na fedha ni za mwenzake. Mpaka ulipofungwa, magari ya watalii ya Kenya yaliyokutwa upande wa pili yalizuiliwa, na Tanzania ikaanza kuwapokea wageni yenyewe kupitia uwanja wake wa Kilimanjaro, uliokuwa umefunguliwa mwaka 1971. Lango la Namanga lilifunguliwa baadaye, lakini njia ya watalii kati ya Maasai Mara na Serengeti haijafunguliwa tena. Nyumbu huvuka bila pasipoti. Mtalii huzunguka hadi Namanga au Isebania.

Hata kugawana vyombo vya nyumba iliyovunjika kulichukua muda. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, ndiye aliyepatanisha, na makubaliano yakatiwa saini Arusha mnamo Mei 1984: Kenya ilichukua asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Miaka saba ya kuhesabu reli na ndege!

Kutoka bila kelele

Kuondoka kwa pili hakukuwa na kishindo hicho. COMESA ilizaliwa mwaka 1994, ikirithi eneo la biashara nafuu lililoanza miaka ya themanini, na makao yake yako Lusaka. Tanzania ilikuwa mwanachama pamoja na Kenya na Uganda. Lakini pia ilikuwa katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini, na wakati uo huo ilikuwa ikifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999.

Ada za uanachama zilikuwa nyingi, mikutano mingi, na ushuru wa forodha ulikuwa tegemeo la hazina yake. Tanzania ilitoa notisi, na kufikia Septemba 2000 ikawa nje ya COMESA. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo, nchi tisa za COMESA, Kenya na Zambia zikiwemo, zilianza kuuziana bidhaa zao bila ushuru.

Piga picha ya lori moja lililobeba katoni za sabuni kutoka Nairobi kwenda Zambia. Likipita Namanga mzigo hufungwa kwa lakiri, nalo huivuka Tanzania yote bila kufunguliwa. Likifika Zambia, sabuni huingia bila ushuru kwa sababu nchi zote mbili ni wana COMESA. Lakini katika miaka ile, kama katoni moja ya mzigo huo ingefunguliwa Arusha, kilomita 110 tu kutoka Namanga, ingedaiwa ushuru. Jirani wa pua na mdomo akawa ghali kuliko rafiki wa mbali.

Nafuu ilikuja na Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza tarehe 1 Januari 2005. Angalia jinsi ulivyopangwa, maana uliyakumbuka ya 1977. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza. Bidhaa kadhaa za Kenya, kwa kuwa Kenya ndiyo iliyokuwa na viwanda vingi, ziliendelea kutozwa ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka, hadi ukaisha mwaka 2010. Aliyetangulia alikubali kupunguza mwendo ili wenzake wamfikie. Si kila mwenye kiwanda jijini aliufurahia mpango huo, lakini ndio uliouwezesha umoja kuanza.

Mbona lori lingali linasimama?

Huenda ukauliza, msomaji: ikiwa sote tumo katika umoja mmoja wa forodha, kwa nini malori yangali yanapanga foleni Namanga? Jibu moja liko katika ile safari ya mwaka 2000.

Afrika Mashariki ni kama nyumba yenye sebule moja lakini milango ya nyuma tofauti. Kenya ina mlango wa COMESA. Tanzania ina mlango wa SADC. Bidhaa iliyotengenezwa Misri huweza kuingia Mombasa bila ushuru kwa sababu Misri ni mwana COMESA. Mzigo huo huo ukivuka Namanga, Tanzania haiutambui kama wa nduguye. Hudai ushuru wa pamoja wa nje, ambao kwa bidhaa nyingi zilizo tayari kutumiwa ni asilimia 25, na kwa nyingine asilimia 35 tangu Julai 2022. Geuza upande: bidhaa ya Afrika Kusini huweza kuingia Dar es Salaam kwa nafuu ya SADC, lakini ikija Kenya hutozwa.

Kwa hivyo ofisa wa forodha hana budi kuuliza kila mzigo: wewe umezaliwa wapi? Swali hilo hujibiwa kwa cheti cha asili. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huweza kupewa cheti rahisi pale pale mpakani. Ikiwa mama yako au shangazi yako ananunua vitu Arusha kuja kuuza Gikomba, mwambie akiulizie cheti hicho. Wengi hupita njia za panya wakikwepa ushuru ambao kumbe hawadaiwi.

Kukawia nako kuna bei yake. Tuseme, kwa mfano tu, lori lina magunia 200 ya vitunguu na kulala mpakani usiku mmoja kunamgharimu mwenye mzigo Sh20,000. Tayari kila gunia limeongezeka Sh100, kabla hatujahesabu vilivyooza. Mwenye lori hatailipa. Dalali hatailipa. Itakuja kulipwa na mtu aliyesimama mbele ya kibanda mtaani akishangaa kwa nini vitunguu vitatu vimekuwa viwili.

Ndiyo maana kituo cha pamoja cha mpakani ni jambo la maana kwako hata kama huna lori. Kilizinduliwa tarehe 1 Desemba 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli. Zamani ulipanga foleni ya kutoka upande mmoja, ukavuka, ukapanga nyingine ya kuingia. Sasa maofisa wa nchi zote mbili huketi katika jengo moja upande wa nchi unayoingia, na unamaliza yote hapo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba aliyetoka hakuondoka na kila kitu. Tanzania ilijitoa katika COMESA lakini ikabaki katika mpango wake wa bima ya magari, ule wa Kadi ya Manjano, unaomwezesha dereva kuvuka nchi kadhaa kwa bima moja. Mtu aweza kuhama nyumba akabaki na ufunguo wa lango, mradi wenyewe wameelewana.

Chama si dawa ya kila kitu

Tusidanganyane, lakini. Kuwa chama kimoja hakuzuii ugomvi. Mwaka 2017, nchi zote mbili zikiwa ndani ya Jumuiya, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga na maofisa wa Tanzania, waliosema viliingizwa kinyume cha sheria na vingeweza kuleta maradhi. Wakati uo huo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai kutoka Kenya walikamatwa Tanzania na kupigwa mnada. Kwa mfugaji aliyekuwa akifuata nyasi kwa jamaa zake, hiyo haikuwa habari ya gazetini. Ilikuwa karo, mahari na chakula.

Mnamo Machi 2021 zamu ikawa ya Kenya. Ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu, aflatoksini, na malori yakakwama. Kabla ya wiki kwisha amri hiyo ililegezwa, mahindi yakaruhusiwa kwa masharti ya kupimwa na kuwa na vyeti. Miezi miwili baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi na mazungumzo ya biashara yakapata uhai.

Tazama tofauti, msomaji. Mwaka 1977, pasipokuwa na meza ya kuketia, mpaka ulifungwa miaka sita. Mwaka 2021, palipokuwa na meza, amri kali iliishi siku chache. Hiyo ndiyo faida ya chama: si kwamba hamtagombana, bali mnajua mlango wa kubisha asubuhi yake.

Mambo haya hayajapita. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi katika jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, mnamo Januari 2025, na huko pia kuna miji kama Namanga iliyojaa akina mama wa sokoni na wafugaji wenye jamaa ng'ambo. Kwetu, mkondo umekuwa wa kurudiana. Eneo la biashara huru linalounganisha COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC lilizinduliwa Misri mnamo Juni 2015, na mkataba wake ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Ukitekelezwa ipasavyo, ile milango miwili ya nyuma itafunguka kuelekea ua mmoja, na cheti cha asili hakitakuwa tena kitendawili.

Ukienda mwenyewe

Basi likizo ijayo, wapeleke watoto Namanga. Ondokeni Nairobi alfajiri, mfike kabla ya jua kuwa kali. Mkitaka kuvuka, beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Msipovuka, kaeni katika hoteli moja ya kando ya barabara, agizeni chai, na mtazame malori.

Wape wanafunzi kazi: wahesabu yanayoelekea kusini na yanayokuja kaskazini, waandike kila moja limebeba nini kama linaonekana. Kisha mkirudi Nairobi piteni Marikiti muulize bei ya vitunguu. Somo hilo halimo katika silabasi, lakini anayelielewa hatakuwa mwepesi wa kushangilia siku atakaposikia redioni kwamba jirani fulani amejitoa katika chama fulani. Atauliza kwanza malori yatapita wapi, na gunia litapanda kwa shilingi ngapi.